Uchungu wa mchunga: faida iko sahanini, si chupani

Wagonjwa kadhaa wanaofika kwangu siku hizi huja na kichupa mkononi. Ndani mna vidonge vya mizizi ya dandelioni, mmea wa Ulaya wenye maua ya manjano, na kwenye karatasi iliyobandikwa nje pameandikwa sifa tele: husafisha ini, huondoa maji mwilini, huteremsha sukari, hulainisha choo. Wauzaji wengine huongeza kwa mdomo yale wasiyothubutu kuyaandika, hata saratani wakaitaja. Swali la wagonjwa huwa ni moja tu: "Daktari, nitumie?"

Jibu langu ni refu kidogo, na kwa mkaaji wa Mombasa au Nairobi njia rahisi ya kulielewa inapitia Garsen.

Garsen, kwa msomaji asiyepafahamu, ni mji mdogo ulio kando ya Mto Tana, zaidi ya kilomita 100 kaskazini mwa Malindi, karibu na pale barabara ya Lamu inapoachana na ile ya kwenda Hola na Garissa. Hapo mto umeshakaribia bahari na umeanza kujitawanya. Wapokomo hulima mpunga, migomba na mahindi katika udongo mweusi unaoachwa na mafuriko, nao Waorma na Wardei hufuata malisho na ng'ombe wao. Katika mashamba hayo, hasa yale yaliyopumzishwa, huota gugu moja ambalo mkulima hulilaani asubuhi na kulila jioni. Gugu hilo ni mchunga.

NDUGU WA UKOO MMOJA

Mchunga, ambao wataalamu wa mimea huuita Launaea cornuta, na dandelioni, Taraxacum officinale, ni wa jamii moja na alizeti. Tena ndani ya jamii hiyo pana wamo katika tawi moja dogo, pamoja na saladi tunayokula na nyama choma. Huhitaji darubini kuuona undugu huo. Vunja bua la mchunga na utaona utomvu mweupe kama maziwa. Maua yake ni ya manjano, na mbegu zake zina manyoya meupe yanayopeperushwa na upepo. Dandelioni ni vivyo hivyo. Halafu onja jani bichi, ikiwa una ujasiri. Jina lenyewe limekwisha kukuonya.

Tofauti kubwa iko chini ya ardhi. Dandelioni ina mzizi mmoja mnene unaoshuka moja kwa moja kama karoti, na ndiyo sababu Wazungu waliweza kuuchimba, kuukausha, kuukaanga na kuunywa badala ya kahawa, hasa wakati wa vita kuu ya pili, kahawa ilipoadimika. Mizizi ya mchunga ni myembamba, hutambaa huku na huku chini ya udongo na kuchipua miche mipya. Haikaangwi. Watu wa Pwani na wa bara ya Tanzania huichemsha na kunywa maji yake, kwa maumivu ya tumbo, kwa homa, na kwa lile neno linalobeba kila kitu: kusafisha damu.

Hapa niseme jambo ambalo wakazi wa mjini hulichanganya. Mzizi wa dawa si mzizi wa chakula. Katika miaka ya njaa watu wa nchi ya mto wamechimba viazi vya yungiyungi kutoka kwenye maziwa na madimbwi, wakavichemsha na kula. Hivyo vina wanga na hushibisha, ingawa anayevitafuta akiwa majini hadi kiunoni huhatarisha kuambukizwa kichocho. Mzizi wa mchunga haumshibishi mtu yeyote. Thamani yake, kama ipo, ni katika vitu vichache vilivyomo.

KILICHOMO NDANI YA MZIZI

Mimea mingi huweka akiba yake ya chakula mizizini kwa namna ya wanga. Jamii hii ya alizeti kwa kawaida huweka kitu kingine kiitwacho inulini. Msomaji asiichanganye na insulini, ile dawa ya sindano ya wagonjwa wa kisukari. Majina yanakaribiana, kazi ni mbali kabisa. Inulini ni mnyororo wa sukari ya matunda ambao tumbo la binadamu haliwezi kuukata. Hupita utumbo mwembamba bila kusagwa, hivyo haipandishi sukari ya damu, na ikifika utumbo mpana bakteria wema wanaoishi humo huila na kuongezeka. Choo huwa laini. Hiyo ni faida ya kweli, iliyothibitishwa kwa binadamu, na ndiyo sehemu ya maandishi ya kichupa ambayo sina ugomvi nayo.

Ila anayekunywa nyingi kwa mkupuo mmoja atapata gesi na tumbo kunguruma mpaka majirani wasikie.

Kitu cha pili ni uchungu wenyewe. Ulimi unapoonja kitu kichungu, mate huongezeka na tumbo hujiandaa kupokea chakula. Ndiyo maana mzee aliyekosa hamu ya kula hupewa mboga chungu na akala vizuri. Wazungu walijua hivyo na wazee wetu walijua hivyo, bila ya kupelekeana barua.

Kitu cha tatu ni mkojo. Kwa karne nyingi dandelioni imesifiwa kuwa huongeza mkojo, na jina lake la Kifaransa lina maana ya kukojoa kitandani. Utafiti juu ya binadamu, hata hivyo, ni mchache mno. Mmoja unaotajwa sana ulichapishwa mwaka 2009, nao ulihusu watu 17 tu, waliokunywa dawa iliyotengenezwa kwa majani, si kwa mizizi. Walikwenda haja ndogo mara nyingi zaidi katika saa tano baada ya dozi ya kwanza. Basi. Kutoka watu 17 na majani hadi "mizizi hii hutibu shinikizo la damu" ni safari ndefu kuliko ya Garsen hadi Nairobi.

Kuhusu saratani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Windsor nchini Kanada walimwagia seli za saratani maji ya mizizi ya dandelioni maabarani, na seli nyingi zikafa. Habari hiyo ilienea ulimwenguni kote. Lakini seli katika kisahani cha maabara si mama mwenye uvimbe kwenye titi. Vitu vingi huua seli za kisahani, jiki ikiwa mojawapo, na hakuna anayependekeza tuinywe. Kwa mgonjwa wa saratani mzizi huu haujathibitishwa kuwa tiba.

Na mchunga wetu? Watafiti wa Kenya wameujaribu kwa panya wenye vijidudu vya malaria na kwa panya waliotiwa kisukari, na walipata dalili za kutia moyo. Ni kazi nzuri na ningependa iendelee. Lakini dozi ya panya haihesabiwi kwa kikombe cha chai, na kati ya panya na binadamu kuna maswali mengi: kiasi gani, kwa siku ngapi, na ini na figo zitasemaje.

Juu ya "kusafisha damu" nitasema kwa ufupi. Damu husafishwa na ini na figo, usiku na mchana, bila malipo. Kama vimeshindwa, kikombe cha mzizi hakiwezi kuchukua nafasi yao.

HOMA HAINGOJI

Nilifanya kazi kwa muda katika Tana River nikiwa daktari kijana, na hapo ndipo nilipojifunza kuuogopa mzizi huu, si kwa ubaya ulio nao bali kwa muda unaochukua.

Mvua zilikuwa zimekwisha, maji yameshuka, mbu wamejaa. Mama mmoja aliletwa na mtumbwi, halafu na baiskeli, akiwa na mtoto wa miaka mitatu. Ilikuwa siku ya nne ya homa. Viganja vya mtoto vilikuwa vyeupe kama karatasi na pumzi yake ya haraka. Bibi yake alikuwa amefuatana nao, mwanamke mwenye heshima zake ambaye kijijini wengi walimtegemea, akanieleza bila kuficha: "Mwanangu, nimempa mizizi ya mchunga tangu siku ya kwanza, asubuhi na jioni. Siku ya pili homa ilishuka, nikajua tumepona."

Homa ya malaria huwa na tabia ya kupanda na kushuka. Hushuka kwa mzizi na hushuka bila mzizi, na wakati huo vijidudu vinaendelea kupasua chembe nyekundu za damu. Tulimpima, tukamwanzishia dawa kwenye mshipa, na mjomba wake akatoa damu usiku ule ule. Mtoto alipona. Wengine walioletwa siku ya tano na ya sita hawakupona, na sikumbuki hata familia moja iliyochelewa kwa kutompenda mtoto wake. Walichelewa kwa sababu mtoni maji yalikuwa mengi, zahanati ilikuwa mbali, na dawa fulani ilikuwa inachemka jikoni. Ile dawa iliwapa sababu ya kungoja mpaka kesho.

Bibi yule nilimheshimu na bado ninamheshimu, kwani hoja yake haikuwa ya kipumbavu. Kwinini ni chungu, na ilitibu malaria. Klorokwini ilikuwa chungu, nayo ilitibu kwa miaka mingi mpaka vijidudu vikaizoea, na Kenya ikaacha kuitegemea mwaka 1998. Mwarobaini ni mchungu. Kwa hesabu hiyo, kila kilicho kichungu ni adui wa homa. Kasoro ya hesabu hiyo ni kwamba uchungu ni ladha tu. Unauambia ulimi kitu fulani. Vijidudu vilivyo ndani ya damu haviambiwi chochote.

Kuna jambo linalonifurahisha katika habari hii. Dawa tunayoitegemea leo kwa malaria, ile ya vidonge vinavyomezwa mara mbili kwa siku kwa siku tatu, ina asili yake katika jamii hii hii ya mchunga na dandelioni. Mmea wake ni Artemisia annua, ambao Wachina waliutumia kwa homa kwa karne nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtafiti Tu Youyou na wenzake walifaulu kutoa kutoka kwenye majani yake ile dawa ya artemisinini, na mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Kwa hivyo asije mtu akanishtaki kwamba nadharau miti shamba. Lakini hata kwa mmea huo uliothibitishwa, Shirika la Afya Duniani halipendekezi watu wachemshe majani na kunywa chai yake kama tiba. Kiasi cha dawa katika kikombe hubadilika kwa udongo, kwa msimu na kwa mkono wa anayechemsha. Kidogo mno hakiui vijidudu, na vilivyobaki hujifunza kuihimili dawa.

Isitoshe, si kila homa ya Tana River ni malaria. Katika mlipuko wa mwaka 2006 na 2007 homa ya Bonde la Ufa iliyotoka kwa mifugo iliua watu Garissa na Tana River baada ya mafuriko. Homa ya matumbo ipo pia. Kipimo cha tone la damu kidoleni hutoa jibu la malaria kwa muda wa kama robo saa, na mzizi haupimi kitu. Mtoto mwenye homa apelekwe akapimwe siku hiyo hiyo. Akitoka hapo, akapewa na mboga chungu ili ale vizuri, sitamzuia mtu.

WALIO MJINI WAJIHADHARI NA NINI

Turudi kwa mwenye kichupa. Huyu hana shida ya mtumbwi. Shida yake mara nyingi ni kwamba tayari anatumia dawa nyingine, na hakumwambia muuzaji wala mimi.

Mgonjwa wa kisukari anayemeza glibenklamaidi au kujidunga insulini, kisha akaongeza mizizi inayosifiwa kuteremsha sukari, huweza kujikuta sukari imeshuka kupita kiasi, jasho linamtoka na mikono inatetemeka. Upande wa pili ni mbaya zaidi nao ni wa kawaida zaidi: huacha vidonge vyake kabisa kwa kuwa "sasa natumia kitu cha asili". Nimemwona mzee mmoja wa mjini aliyefanya hivyo kwa miezi mitatu. Hakuhisi lolote, maana sukari inayopanda polepole haiumi. Kidonda cha mguu ndicho kilichomleta.

Dandelioni, hasa majani yake, ina madini ya potasiamu kwa wingi. Kwa mtu mzima wa afya hilo ni jambo jema. Kwa mwenye figo dhaifu, au anayetumia baadhi ya dawa za shinikizo kama enalapril na spironolactone, potasiamu inaweza kupanda mpaka ikavuruga mapigo ya moyo. Mwenye mawe katika kifuko cha nyongo asitumie mzizi huu bila ya kuongea na daktari wake, kwa sababu unadhaniwa kuchochea nyongo kutiririka, na jiwe likisukumwa kwenye mrija huleta maumivu yasiyosahaulika. Anayetumia warfarin ya kuzuia damu kuganda naye aulize kwanza. Wapo pia wachache ambao miili yao huikataa jamii hii ya mimea, wakawashwa na kuvimba midomo.

Wajawazito hawana haja ya mizizi iliyochemshwa, ya kwetu wala ya kichupani, kwani usalama wake kwa mimba haujapimwa ipasavyo. Mboga ya mchunga katika sahani ni habari nyingine, na hiyo ndiyo ninayoitaka waile.

MBOGA YENYEWE

Faida kubwa ya mchunga iko katika majani. Ni mboga ya kijani iliyokolea, kwa hiyo ina madini ya chuma, chokaa, na ile rangi ya manjano iliyofichwa na ukijani ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, kinga ya macho. Nyuzinyuzi zake hufanya ile kazi ya choo ambayo mwenye kichupa anailipia. Katika nchi ya malaria, ambako akina mama na watoto wengi hawana damu ya kutosha, mboga ya namna hii si kitu cha kuitwa chakula cha maskini.

Chuma cha mboga, hata hivyo, hakiingii mwilini kwa urahisi kama cha nyama au samaki. Kamulia ndimu au pika na nyanya, maana vitamini C hukisaidia kuingia. Usiteremshie kwa chai ya rangi, kwa sababu chai hukizuia. Ngoja saa moja au mbili. Nayo ile vitamini A huhitaji mafuta kidogo ili ifyonzwe, na kwa hilo wapishi wa Pwani walikuwa na jibu kabla ya madaktari: tui la nazi.

Upishi wake ni huu, kama nilivyoulishwa mara nyingi. Chagua majani machanga, kabla mmea haujatoa maua, kwani ukichanua uchungu huzidi. Osha kwa maji mengi safi. Chemsha kwa dakika chache, mwaga maji ya kwanza, ukamue. Wengine humwaga mara mbili. Mimi huwashauri wamwage mara moja tu, kwa sababu kila maji yanayomwagwa huondoka na vitamini C na folasini, na uchungu kidogo ukibaki ndio utamu wake. Changanya na mchicha au majani ya kunde ili kuupunguza makali, tia kitunguu na nyanya, kisha tui. Kwa sima na kambare wa mto, sijui chakula kinachoshinda hicho, ingawa watoto wangu waliozaliwa mjini hawakubaliani nami.

Neno moja kuhusu usafi. Mto unapofurika, kama ulivyofanya mwishoni mwa mwaka 2023 na tena mwaka 2024, maji hupita katika vyoo na kumwagika mashambani. Mboga iliyochumwa hapo, na mizizi iliyochimbwa hapo zaidi, hubeba yote yaliyoachwa na maji, kipindupindu kikiwemo. Iliyochemka vizuri haina neno. Ile juisi mbichi ya majani ambayo watu wa mjini wameanza kuisaga kwenye mashine na kuinywa asubuhi, sikushauri uinywe hata kidogo msimu huo.

Mkaaji wa Mombasa huupata mchunga Kongowea kwa mafungu. Wa Nairobi aulize kwa wauzaji wa mboga wanaoletewa mizigo kutoka Pwani, au aombe jamaa anayesafiri amletee mizizi michache yenye udongo wake. Mizizi hiyo asiichemshe. Aifukie kwenye kopo kubwa lenye matundu chini, kina cha vidole viwili hivi, anyweshe maji kila baada ya siku moja. Mmea huu huota upya kutoka kipande kidogo cha mzizi, jambo ambalo mkulima wa Garsen mwenye jembe mkononi atakueleza kwa uchungu mwingi, na anayechuma majani tu na kuuacha mzizi ardhini atachuma tena.